Kutoka Mgodini hadi Usukani: Udereva wa Masafa Marefu Kamatanda na Likasi

Kamatanda ni eneo la machimbo ya shaba na kobalti kando ya mji wa Likasi, mkoani Haut-Katanga, kusini-mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Likasi iko kilomita 120 hivi kutoka Lubumbashi, kwenye Barabara ya Taifa Namba 1, ile inayotoka mpaka wa Zambia pale Kasumbalesa ikapita Lubumbashi na Likasi hadi Kolwezi. Kwa vizazi vitatu kijana wa huku alijua kazi mbili zenye heshima: kampuni ya madini na kampuni ya reli. Aliyeingia akiwa na miaka 20 alitarajia kutoka akiwa mzee, na mara nyingi mwanawe alishika nafasi yake. Kuanzia miaka ya 1990, na zaidi baada ya 2003, utaratibu huo ulivunjika. Wanaume wenye umri wa miaka 45 na kuendelea wakajikuta wakitafuta kazi ya pili, na baadhi yao waliipata nyuma ya usukani wa lori. Historia ya kuhama huko inafuata historia ya shaba yenyewe: namna ilivyosafirishwa kwa kichwa cha mpagazi, kisha kwa behewa, na hatimaye kwa tela.

Wapagazi na misafara

Shaba ya Katanga ilianza kusafiri kabla ya Mzungu yeyote kuiona. Wasanga na majirani zao waliichimba wakati wa kiangazi, wakaiyeyusha katika vitanuru vya udongo na kuimimina katika umbo la misalaba midogo, ambayo ilitumika kama fedha na kama mahari. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 biashara hiyo iliingia mikononi mwa Msiri, mwana wa mfanyabiashara wa Kinyamwezi, aliyejenga dola la Wayeke lenye makao yake makuu Bunkeya, kaskazini mwa Likasi ya leo. Msiri aliunganisha njia mbili. Moja ilikwenda mashariki hadi pwani ya Waswahili, nyingine magharibi hadi Angola. Shaba, chumvi, pembe za ndovu na watumwa vilitoka. Bunduki, baruti, vitambaa na shanga viliingia. Mzigo wote ulibebwa na watu.

Msiri aliuawa Desemba 1891 na msafara uliotumwa kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Dola lake lilisambaratika, lakini mambo mawili yalibaki. La kwanza ni Kiswahili, ambacho kilikuja kuwa lugha ya kazi na ya kambi za wafanyakazi Katanga nzima. La pili ni tatizo la umbali: shaba iko katikati ya bara, na bahari iko zaidi ya kilomita 1,000 kila upande. Kila aliyetawala Katanga baada ya hapo alilazimika kujibu swali lile lile la kuifikisha bandarini.

Kampuni na reli

Jibu la wakoloni lilikuwa reli. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na ujenzi wa njia ya reli ukafuata hatua za uchimbaji. Reli kutoka Rhodesia ilifika Élisabethville, yaani Lubumbashi, mwaka 1910; ikafika Kambove, jirani na Likasi, mwaka 1913; na mwaka 1918 ikafika Bukama kwenye mto Lualaba. Mwaka 1928 iliunganishwa na bandari ya mtoni ya Ilebo huko Kasai, na mwaka 1931 njia kupitia Tenke na Dilolo ilikamilika hadi bandari ya Lobito nchini Angola. Katika muda wa miaka 21 shaba ya Katanga ilikuwa imepata milango kadhaa ya bahari, na safari ya kuifikia yote ilianza kwa treni.

Likasi ilikua pamoja na reli hiyo. Kiwanda cha kuchenjua madini kilijengwa Panda mwanzoni mwa miaka ya 1920, na kile cha Shituru, kinachotenganisha shaba kwa umeme, kilianza kazi mwaka 1929. Mwaka 1931 mji ulipewa jina la Jadotville kwa heshima ya Jean Jadot, mmoja wa mabwana wakubwa wa Union Minière, na ukalibeba hadi 1966 uliporudishiwa jina la Likasi. Mgodi wa Shinkolobwe, ambao urani yake ilitumika kutengeneza mabomu ya atomiki ya Marekani katika Vita Kuu ya Pili, uko kilomita 20 hivi kutoka mjini. Mwaka 1952 njia ya reli kati ya Jadotville na Tenke ilianza kutumia injini za umeme.

Wafanyakazi nao waliwekewa mpango wao. Hadi katikati ya miaka ya 1920 kampuni ilichukua vibarua wa muda mfupi kutoka mbali, na wengi walikufa kwa maradhi au walitoroka. Kuanzia mwisho wa miaka hiyo Union Minière ilibadili mwenendo: mkataba wa miaka 3, ruhusa ya kuja na mke, nyumba kambini, posho ya unga na samaki, zahanati, huduma ya uzazi, shule ya watoto. Mfanyakazi alipewa kila kitu na aliongozwa katika kila kitu. Watu walizoea kuiita kampuni baba na mama, na mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi aliuchukua mtazamo huo alipokipa kitabu chake cha 2001 jina linalowataja watoto wa shaba walioachwa na baba yao.

Ndani ya mpango huo dereva alikuwepo, lakini hakuwa mtu wa safari. Alikuwa mwajiriwa wa kampuni kama wengine. Aliendesha malori makubwa ya mgodini yanayopandisha mawe kutoka shimoni, au lori la kupeleka mbao, saruji na posho kambini. Fundi wa magari alijifunzia katika karakana za kampuni, hasa zile za Panda, ambako injini ilifunguliwa na kufungwa upya na kipuri kilichokosekana kilichongwa papo hapo. Barabara ilikuwa mtumishi wa reli: ililisha vituo, na kazi ya kuvuka mipaka ilikuwa ya treni.

Hata hivyo umuhimu wa barabara ulionekana pale vita vilipozuka. Baada ya Katanga kujitenga na Kongo mwaka 1960, askari wa Kiayalandi wa Umoja wa Mataifa walizingirwa Jadotville Septemba 1961, na kikosi kilichotumwa kuwaokoa kutoka Élisabethville kilikwama kwenye daraja la mto Lufira. Mwisho wa 1962 na mwanzo wa 1963 madaraja ya Lufira yalivunjwa na jeshi la Katanga ili kuzuia Umoja wa Mataifa, lakini askari wa Kihindi wakavuka mto na kuingia mjini. Malori yanayokwenda Lubumbashi hadi leo huvuka mto huo huo.

Reli inalegea

Mwaka 1967 mali za Union Minière zilitaifishwa, na baada ya mabadiliko ya majina kampuni mpya ya serikali ikajulikana kama Gécamines. Kampuni za reli ziliunganishwa mwaka 1974 kuwa shirika moja la taifa, ambalo leo linaitwa SNCC. Mwaka uliofuata mlango mkubwa ulifungwa: vita vya Angola vilikata njia ya Lobito mwezi Agosti 1975, na haikupitisha shaba ya Kongo kwa miongo kadhaa. Mzigo ukabaki na njia mbili. Ile iliyoitwa njia ya taifa ilikwenda kwa treni hadi Ilebo, kwa majahazi hadi Kinshasa, kisha kwa treni tena hadi Matadi, na kila mahali shaba ilishushwa na kupakiwa upya. Ile ya kusini ilipitia Zambia hadi bandari za Afrika Kusini, na baadaye hadi Dar es Salaam kwa reli ya TAZARA iliyofunguliwa katikati ya miaka ya 1970.

Majirani wa Zambia walikuwa wameshaonja kiasi gani barabara inaweza kubeba. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru Novemba 1965, Zambia ililazimika kupeleka shaba na kuleta mafuta kupitia Tanzania. Kampuni ya pamoja ya nchi hizo mbili iliundwa mwaka 1966, na mamia ya malori yakaanza kupanda na kushuka kati ya Dar es Salaam na migodi ya Zambia kupitia Tunduma, kwenye barabara ya udongo iliyogeuka tope wakati wa masika na vumbi wakati wa kiangazi. Wengi walipoteza maisha kwenye milima ya Tanzania. Bomba la mafuta la mwaka 1968, lami na reli vilipunguza adha hiyo, lakini udereva wa masafa marefu ulikuwa umeshazaliwa katika ukanda wa shaba, na ndio uliofungua njia ambazo malori ya Katanga yangezifuata miaka 30 baadaye.

Upande wa Kongo anguko lilikuja kwa kishindo. Gécamines ilizalisha karibu tani 476,000 za shaba mwaka 1986. Mwezi Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto, karibu na Kolwezi, iliporomoka. Mwaka 1991 maduka na karakana ziliporwa katika miji mingi ya nchi. Mwaka 1992 na 1993 siasa za ukabila ziliwalenga watu wenye asili ya Kasai. Mamia ya maelfu walifukuzwa, na wengi wao walikaa miezi kwenye stesheni ya Likasi wakisubiri treni ya kuwarudisha katika ardhi ya babu zao ambayo baadhi hawakuwahi kuiona. Pamoja nao waliondoka mafundi, makarani na madereva wa treni waliokuwa na ujuzi wa miaka mingi. Kufikia 1994 uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi tani 30,000 hivi. Mshahara ulianza kuchelewa kwa mwezi, kisha kwa mwaka, na posho ikakatika.

Walioaga kwa hiari

Mwaka 2003 serikali, kwa fedha za Benki ya Dunia, ilianzisha mpango wa kupunguza wafanyakazi wa Gécamines. Uliitwa mpango wa kuondoka kwa hiari, ingawa aliyedai mishahara ya miaka miwili au zaidi hakuwa na nafasi kubwa ya kukataa. Uliwalenga waliotumikia kwa muda mrefu, waliofikisha miaka 25 na zaidi kazini. Zaidi ya watu 10,000 waliondoka Lubumbashi, Likasi na Kolwezi. Kila mmoja alipewa kiasi cha dola kwa mkupuo, kidogo kuliko alichoamini kampuni inamdai, na malalamiko kuhusu hesabu hizo yaliendelea kwa miaka mingi baadaye.

Umri wa kundi hili ndio ulioifanya hali yake kuwa ya pekee. Aliyeingia kiwandani akiwa na miaka 20 alitoka akiwa na miaka 45 au 50, bado ana nguvu, ana watoto shuleni, na hajawahi kutafuta kazi maishani mwake. Kampuni mpya zilizoanza kuja baada ya Sheria ya Madini ya 2002 zilipendelea vijana. Hivyo walioondoka waligawanyika. Wengi walirudi kwenye jembe, wakalima mahindi na mihogo nje ya mji. Wengine walifungua duka, walinunua mashine ya kusaga au gari kuukuu la abiria. Wengine walishuka mashimoni kama wachimbaji wadogo, katika migodi ile ile waliyoijua kama waajiriwa. Na waliokuwa na leseni ya magari makubwa, au waliokuwa mafundi katika karakana, walitazama barabara.

Hao wa mwisho walikuwa na mtaji ambao haukutegemea fedha za mkupuo. Mtu aliyeendesha lori la mgodini kwa miaka 20 anajua uzito unavyosukuma gari mteremkoni, na fundi wa karakana anasikia hitilafu ya injini kabla haijakata. Tajiri mwenye lori moja au mawili, ambaye hana gereji yake, alimtafuta dereva wa namna hiyo, maana lori likiharibika katikati ya Zambia hakuna wa kumwita.

Mzigo wa Kamatanda

Kazi ya kuwapa madereva hao ilitoka mahali kama Kamatanda. Gécamines iliposhindwa kuchimba, wachimbaji wadogo waliingia katika maeneo yake mwishoni mwa miaka ya 1990, wakiruhusiwa na wakubwa au wakiwalipa. Kamatanda ilijulikana sana katika miaka ya 2000 kwa umati wa watu waliochimba kwa sururu na koleo, wakiwemo wanawake na watoto waliopasua na kuosha mawe. Mashimo yaliporomoka mara kwa mara. Mgodi wa Shinkolobwe, ambao nao ulivamiwa kwa ajili ya kobalti, ulifungwa kwa amri ya rais Januari 2004, lakini watu waliendelea kuingia, na Julai mwaka huo sehemu yake iliporomoka na kuua.

Mawe yaliyofungwa katika mifuko yaliuzwa kwa wafanyabiashara wa kati, yakapimwa kwenye maghala na kupakiwa kwenye malori. Biashara hiyo haikuhitaji reli. Mzigo ulikuwa wa watu wengi, mdogo mdogo, na uliondoka siku ulipotimia; treni ya SNCC ilikuwa na injini chache, njia zilizochakaa na ratiba isiyotabirika. Lori lilipakia leo na kuondoka leo. Sehemu kubwa ya mawe hayo ilivuka mpaka ikiwa ghafi kwenda kuyeyushwa Zambia au kusafirishwa hadi China, hadi gavana Moïse Katumbi alipopiga marufuku mwaka 2007 usafirishaji wa madini yasiyochenjuliwa kutoka Katanga. Tanuru ndogo zikachipuka Likasi na Lubumbashi. Mwisho wa 2008 bei ya shaba duniani ilianguka kutoka zaidi ya dola 8,000 kwa tani hadi karibu dola 3,000. Tanuru nyingi zikazimwa na malori yakalala.

Bei ilipopanda tena, mzigo ulikuwa wa aina nyingine. Migodi mikubwa ya Tenke, Kolwezi na kwingineko ilianza kutoa shaba safi ya mabamba. Mwaka 2014 Kongo ilivuka tani milioni 1 kwa mwaka, na mwaka 2023 ilizalisha zaidi ya tani milioni 2 na nusu, ikashika nafasi ya pili duniani nyuma ya Chile. Reli haikukua kwa kasi hiyo, na barabara ikapokea kila kilichobaki. Mkataba wa Kongo na China wa mwaka 2008, uliobadilishana madini na miundombinu, ulileta sehemu ya fedha za lami, na vizuizi vya kulipia barabara vikawekwa njiani.

Kazi yenyewe

Bamba moja la shaba lina upana wa karibu mita moja kila upande na uzito wa makumi kadhaa ya kilo. Mabamba hupangwa na kufungwa kwa mikanda ya chuma kuwa fungu la tani 2 hivi, na lori hubeba mafungu ya kutimiza tani 30 na kitu. Kwa macho tela huonekana tupu, maana mzigo haufiki hata nusu ya kimo chake. Udogo huo ndio unaomdanganya dereva mgeni: uzito wote umekaa sakafuni katika sehemu chache, na fungu likisogea kwenye kona, tela huvutwa upande. Dereva mzoefu hukagua minyororo kabla ya kutoka, na baada ya mwendo mfupi husimama na kuikaza tena, kwa kuwa mzigo huwa umejipanga upya. Kurudi, lori huja na kiberiti cha kutengenezea asidi, asidi yenyewe ndani ya matangi, chokaa, vipuri, mafuta au vyakula.

Sheria ya barabara ya Kongo ya mwaka 1978 inataka leseni ya kategoria C kwa magari mazito ya mizigo na kategoria E kwa wanaovuta tela. Leseni ni mwanzo tu. Aliyetoka kiwandani akiwa na umri mkubwa kwa kawaida hupitia njia ile ile na vijana: hukaa kwanza kiti cha pili kama msaidizi, akilinda mzigo, akiweka mawe chini ya matairi, akibadilisha gurudumu usiku. Kisha hupewa safari fupi, Kolwezi hadi Likasi au Likasi hadi Lubumbashi, kabla ya kuaminiwa kuvuka mpaka. Umri humsaidia katika jambo moja. Polisi wa njiani, afisa wa forodha na tajiri humwita papa au mzee, na maneno yake husikilizwa kuliko ya kijana. Humwumiza katika mengine: usingizi, mgongo, macho ya usiku, na wiki nyingi mbali na nyumbani kwa mtu aliyezoea kurudi kambini kila zamu inapokwisha.

Kutoka Likasi njia ya kusini ni moja hadi Kasumbalesa, zaidi ya kilomita 200. Hapo dereva hubadilisha upande wa barabara, maana Kongo huendesha kulia na Zambia kushoto. Ndani ya Zambia njia hutawanyika. Moja huelekea Nakonde na Tunduma hadi Dar es Salaam, mwendo wa kilomita 2,000 hivi. Nyingine hupita Chirundu, ambako kituo cha pamoja cha mpakani kilifunguliwa mwaka 2009, kisha Zimbabwe na Beitbridge hadi Durban. Baadhi ya malori huepuka Zimbabwe kwa kupita Kazungula, ambako daraja la kuvuka Zambezi kwenda Botswana lilifunguliwa Mei 2021 na kumaliza kungoja pantoni. Njia nyingine huelekea Walvis Bay nchini Namibia. Bima ya kadi ya njano ya COMESA humwezesha dereva kupita nchi kadhaa bila kununua bima mpya kila mpakani.

Wengi wa madereva wanaoonekana Likasi hawatoki Kongo. Ni Watanzania, Wazambia, Wazimbabwe na Waafrika Kusini, walioajiriwa na kampuni zenye makundi makubwa ya malori. Watanzania hujikuta nyumbani kwa upande mmoja: Kiswahili chao na cha Katanga vinatofautiana, lakini huelewana kwa bei, kwa njia na kwa ugomvi. Madereva wa Kongo wamekuwa na nguvu zaidi katika safari za ndani, kati ya migodi, viwanda na mpaka, ingawa wapo wanaokwenda hadi baharini. Chama cha madereva cha ACCO kimekuwa mtetezi wao mbele ya serikali, hasa katika mambo ya kodi za njiani na usumbufu wa vizuizi.

Foleni, ajali na mipaka

Adui mkubwa wa dereva huyu ni kungoja. Kasumbalesa hupokea malori mengi kuliko uwezo wake, na foleni imewahi kunyooka kilomita nyingi pande zote mbili. Dereva hulala ndani ya kichwa cha lori, hupika kwenye jiko dogo kando ya gurudumu na huhesabu fedha ya njiani isiyoongezeka kadiri siku zinavyoongezeka. Anayelipwa kwa safari hupata hasara kwa kila siku ya kusimama. Agosti 2024 Zambia ilifunga kwa siku chache mipaka ya Kasumbalesa, Mokambo na Sakania kutokana na mzozo wa kibiashara na Kongo, na malori yakakwama hadi viongozi walipoelewana. Wezi nao wanajua thamani ya mabamba ya shaba. Utekaji wa malori umetokea Kongo na katika nchi jirani.

Ajali ni hatari ya pili. Barabara ya Lubumbashi hadi Kolwezi hubeba malori mazito, mabasi, pikipiki na watembea kwa miguu kwenye lami moja nyembamba. Februari 2019 lori lililobeba asidi kuelekea mgodini liligongana na magari mengine, likiwemo basi, kwenye njia hiyo mkoani Lualaba. Asidi iliwamwagikia abiria na zaidi ya watu 15 walikufa. Tukio hilo lilizidisha madai ya kuwa vitu vya sumu visafirishwe chini ya uangalizi, na kwamba dereva anayevibeba apate mafunzo maalumu. Kwa waliokuwa wafanyakazi wa Shituru mafunzo hayo hayakuwa mageni, kwa kuwa asidi ilikuwa sehemu ya kazi yao ya kila siku kiwandani.

Kurudi kwa reli

Tangu miaka ya 2010 reli imeanza kudai tena nafasi yake. Upande wa Angola njia ya Lobito ilijengwa upya na Wachina na kufunguliwa hadi mpakani mwaka 2015. Mwaka 2022 Angola ilisaini mkataba wa miaka 30 wa kuikabidhi kwa kampuni tatu za kigeni, na Marekani na Umoja wa Ulaya zikaahidi kuisaidia. Mwisho wa 2023 shehena ya majaribio ya shaba kutoka mgodi wa Kamoa-Kakula ilitoka Kolwezi ikafika Lobito kwa siku 8, wakati malori ya mgodi huo huchukua siku 25 hivi kufika katika bandari nyingine.

Mabadiliko hayo yanagusa zaidi safari ndefu za kutoka Kolwezi. Likasi na Kamatanda ziko mashariki mwa makutano ya Tenke, kwenye kipande cha SNCC ambacho bado kinahitaji injini, mataruma na nyaya mpya. Mpaka kipande hicho kitengenezwe, mawe ya machimbo, kiberiti, asidi na mabamba ya viwanda vya Likasi yataendelea kutegemea barabara, na hata treni zikirudi zitahitaji malori ya kulisha vituo vyake, kama ilivyokuwa zama za Union Minière. Waliobadilisha kazi mwaka 2003 sasa wamefika umri wa kustaafu kwa mara ya pili. Wanaowafuata ni vijana walioanza moja kwa moja na lori, bila kupita kiwandani, na ujuzi wa karakana za Panda huwafikia kupitia wazee waliokaa nao kiti cha pili.